Paper.js katika kazi ya kusanifu kanga: tathmini ya matukio na nyaraka zake

Anayetaka kutengeneza programu ya kuchorea inayofanya kazi ndani ya kivinjari ana maktaba nyingi za JavaScript, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari, za kuchagua, na karibu zote huchora duara, mraba na mstari uliopinda bila shida yoyote. Zinatofautiana pale mtu anapouweka mkono wake juu ya mchoro: anapobofya, anapoburuta, anapobonyeza kitufe cha kibodi, au anapoigusa skrini ya simu kwa kidole kinene kuliko mstari alioukusudia. Tathmini hii inaihusu Paper.js kwa upande huo mmoja tu, yaani jinsi inavyoyashughulikia matukio, kwa maana ya mibofyo, miburuto na miguso hiyo, na jinsi nyaraka zake zinavyoyaeleza, kwa sababu huo ndio upande tulioujua vizuri tulipoitumia kutengeneza programu ya kusanifia kanga kwa ajili ya ofisi ndogo ya usanifu iliyoko Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Uhuru ambako kanga huuzwa kwa jumla na kwa rejareja.

Kanga ni kipimo kizuri kwa maktaba ya aina hii. Ina pindo linaloizunguka nguo pande zote, ina mji ulio katikati, na ina jina, ule usemi unaoandikwa kwa herufi kubwa ndani ya kisanduku chake chini ya mji. Msanifu anahitaji kuligusa ua moja la kwenye pindo na kulisogeza bila kuutikisa mji. Anahitaji kuchora korosho kwa mkono huru na kuirudia mara nyingi kuizunguka nguo nzima. Anahitaji pia kulibofya jina mara mbili ili alihariri, kwani mteja huweza kuubadili usemi mpaka saa ya mwisho kabla ya kazi kwenda kiwandani. Kazi hiyo hufanyika kwa kompyuta yenye kipanya pale ofisini, na kwa simu ya Android pale msanifu anapomfuata mwenye duka ili wakubaliane rangi wakiwa wamesimama mlangoni. Maktaba isiyoeleza wazi nani anapokea tukio gani, na kwa utaratibu upi, haiwezi kuibeba kazi hiyo kwa muda mrefu.

Paper.js ilitolewa mwaka 2011 na Jürg Lehni pamoja na Jonathan Puckey, kwa leseni ya MIT inayomruhusu mtu kuitumia bure hata katika biashara. Ilitokana na Scriptographer, nyongeza ya Adobe Illustrator iliyowawezesha wasanifu kujitengenezea zana zao wenyewe kwa kuandika msimbo. Asili hiyo inaeleza mengi kuhusu matukio yake. Maktaba nyingine zilianzia kwenye swali la jinsi ya kuonyesha michoro katika ukurasa wa wavuti, lakini hii ilianzia kwa msanifu aliyekwisha kuchagua kalamu au kifutio na anayetarajia kila mguso ufuate zana aliyoishika mpaka atakapochagua nyingine. Ndiyo maana hadi leo zana ni darasa kamili ndani ya maktaba hii, lenye matukio yake na vipimo vyake, jambo ambalo sijaliona likifanywa kwa uzito huo katika maktaba nyingine za jamii hii.

Matukio, basi, huweza kupokelewa mahali patatu. Umbo lolote, liwe mstari, kundi, picha au tabaka zima, linaweza kupewa kipokezi, yaani fanksheni inayosubiri tukio, kwa kuandika onMouseDown, onMouseDrag, onClick, onDoubleClick, onMouseEnter na majina mengine ya mfululizo huo. Dirisha la mchoro, ambalo maktaba inaliita View, hupokea matukio hayo hayo ya kipanya na kuongeza onResize, pamoja na onFrame ambayo maumbo nayo huweza kuipokea. Zana, yaani Tool, hupokea kubonyeza, kuburuta, kusogeza na kuachia popote ndani ya dirisha bila kujali kuna umbo gani chini ya kidole, na hupokea pia matukio ya kibodi. Zana moja tu ndiyo huwa hai kwa wakati mmoja, na kuibadilisha ni kuita activate. Kwetu sisi mgawanyo huu uliokoa msimbo mwingi: kalamu ya mkono huru, kifutio na mshale wa kuchagulia kila kimoja kikawa zana yake, na hatukulazimika kuandika ule msururu wa masharti unaouliza kila mara mtumiaji amechagua nini kabla ya kuamua mguso wake una maana gani.

Nyaraka zinaanza vizuri sana. Ukurasa wa marejeo hutengenezwa kutokana na maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa chanzo wenyewe, juu ya kila fanksheni, na kwa sababu hiyo maelezo hayaachani mbali na kile ambacho maktaba inafanya kweli. Kila kipokezi kimeelezwa kinaitwa lini na kinapewa kitu gani, kisha kikawekewa mfano unaofanya kazi pale pale kwenye ukurasa: chini ya onMouseEnter kuna umbo linalogeuka jekundu kipanya kinapoingia juu yake na kurudi kuwa jeusi kinapotoka, na msimbo wake unaweza kuufungua na kuubadilisha bila kusakinisha chochote. Kwa msanifu anayejifunza msimbo akiwa na umri mkubwa, kuligusa tukio kwa mkono wake kuna thamani kuliko kurasa tatu za nadharia. Kifurushi kinachopakuliwa kutoka kwenye tovuti yao kina nyaraka na mifano ndani yake, kwa hiyo mtu huweza kuendelea kusoma bila mtandao, na hilo si dogo kwa kijana anayejifunza kwa bando la siku.

Maelezo ya ToolEvent ndiyo sehemu ninayoiona bora kuliko zote. Tukio la zana halileti tu mahali kipanya kilipo. Linaleta pia mahali kilipokuwa katika tukio lililotangulia, mahali kilipobonyezwa mara ya kwanza, nukta ya katikati baina ya mahali pawili pa mwisho, tofauti yake kama vekta (yaani umbali pamoja na mwelekeo), na hesabu ya mara ambazo tukio hilo limetokea. Mtu asiyewahi kuchora kwa msimbo atajiuliza nukta ya katikati inamfaa nini. Inamfaa mno anapoiunganisha na vipimo vitatu vya umbali ambavyo zana huwekewa: minDistance, maxDistance na fixedDistance. Ukiweka minDistance, tukio la kuburuta halitatokea mpaka kidole kiwe kimesogea kiasi hicho, kwa hiyo mstari uliochorwa kwa mkono unaotetemeka haujazwi nukta zisizo na kazi. Ukiweka maxDistance, kidole kikienda kwa kasi maktaba huigawa hatua ndefu katika hatua fupi, na nukta za mstari haziachani mbali. Ukiweka fixedDistance, tukio hutokea kila baada ya umbali ule ule, haidhuru mtumiaji anakwenda kasi au polepole.

Kwa pindo la kanga hicho cha mwisho ni hazina. Tulilifanya umbo la korosho kuwa SymbolDefinition, yaani kiolezo kimoja ambacho nakala zake zote hukitegemea, tukaipa zana fixedDistance iliyolingana na nafasi inayotakiwa kati ya korosho na korosho, na ndani ya onMouseDrag tukaweka nakala moja kwenye event.middlePoint na kuizungusha kwa pembe ya event.delta, ile tofauti ya mahali pawili pa mwisho. Msanifu anaburuta kidole kulizunguka pindo, na korosho zinajipanga zenyewe kwa nafasi sawa, kila moja ikielekea upande ambao mkono unaelekea. Msimbo wake hauzidi mistari kumi. Anapoligusa ua moja baadaye, tukio humfikia yule nakala aliyeguswa, wala si kiolezo, kwa hiyo moja linaweza kusogezwa peke yake. Akikibadili kiolezo chenyewe, pindo lote hubadilika. Maelezo ya tabia hii yamegawanyika katika kurasa za madarasa mawili tofauti, lakini yapo, na mtu mvumilivu atayaunganisha.

Jambo jingine dogo linalostahili sifa ni jamii ya removeOn. Mtu anapoburuta, mara nyingi anataka kuonyeshwa umbo la muda, kama mstari wa nukta nukta unaoonyesha pindo litafika wapi, na umbo hilo linapaswa kufutwa na kuchorwa upya katika kila hatua. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya kutunza kumbukumbu ya umbo lililopita. Hapa unalichora na kuliambia removeOnDrag, nalo linajiondoa lenyewe tukio linalofuata la kuburuta linapofika. Unaweza pia kuliambia liondoke kwa kuburuta na kwa kuachia pamoja. Sijui kwa nini maktaba nyingine hazijaiga.

Sasa nije kwenye upungufu, na nianze na ule unaowaumiza wanaoanza. Mifano karibu yote ya nyaraka imeandikwa kwa PaperScript, lahaja ya JavaScript inayoruhusu nukta na vekta kujumlishwa kwa alama ya kawaida ya kujumlisha. Ndani ya PaperScript ni sahihi kabisa kuandika kwamba mahali pa umbo pameongezewa event.delta. Programu nyingi za leo, hata hivyo, huandikwa kwa JavaScript ya kawaida ndani ya mfumo wenye vifaa vyake vya ujenzi, na huko alama hiyo haijui vekta ni nini. Kinachotokea ni kwamba kivinjari huzigeuza nukta zote mbili kuwa maandishi na kuyaunganisha, bila kutoa onyo lolote, na umbo halifiki lilikotakiwa kufika. Panapaswa kuandikwa add, subtract, multiply au divide. Nyaraka zina ukurasa mzima unaoeleza tofauti hii, na umeandikwa vizuri, ila msomaji aliyefika moja kwa moja kwenye maelezo ya onMouseDrag hana kinachomwelekeza huko. Vivyo hivyo, katika PaperScript kuandika fanksheni iitwayo onMouseDown juu kabisa ya msimbo kunatosha kuzaa zana, ilhali katika JavaScript ya kawaida fanksheni hiyo hiyo hukaa kimya mpaka mwandishi aunde Tool mwenyewe na kuikabidhi. Ingefaa kila mfano wa tukio uonyeshwe kwa namna zote mbili.

Upungufu wa pili unahusu safari ya tukio. Maelezo ya kila kipokezi cha umbo yanasema wazi kwamba tukio la kipanya hupanda kutoka kwenye umbo kwenda kwa wazazi wake mpaka kufika kwenye dirisha, isipokuwa likizuiwa kwa stopPropagation au kwa fanksheni kurudisha false. Huo ni mwanzo mwema. Lakini marejeo yamepangwa kwa madarasa, kila darasa na ukurasa wake, na hakuna mahali pamoja panapoichora safari yote kutoka kidole kinapogusa kioo hadi zana inapopewa zamu yake. Mtu mwenye umbo lililo na kipokezi, ndani ya kundi lenye kipokezi, chini ya dirisha lenye kipokezi, huku zana ikiwa hai, analazimika kujaribu mwenyewe ili ajue nani ataitwa kabla ya nani. Mchoro mmoja wa nusu ukurasa ungetosha.

Baadhi ya mambo unayapata kwa kuusoma msimbo wa chanzo tu, na ni mambo ya kila siku. Umbo lisilo na kipokezi cha kubofya mara mbili, likibofywa mara mbili kwa haraka, hupewa tukio la kubofya kawaida katika mara ya pili. Lenye vipokezi vyote viwili hupewa kubofya kwanza, kisha kubofya mara mbili. Kwa hiyo ukitaka kubofya mara moja kulichague jina na kubofya mara mbili kulifungue kwa kuhaririwa, lazima ile kazi ya kuchagua iwe haidhuru kitu ikitangulia. Umbo linaloburutwa huendelea kupata matukio ya kuburuta hata kidole kikitoka nje yake, na hata kikitoka nje ya kanvasi nzima, yaani eneo la ukurasa linalochorewa, jambo ambalo ni zuri na linalotarajiwa, kwa kuwa kidole chenye haraka hakimpotezei msanifu ua lake.

Kurudisha false kunastahili tahadhari ya pekee. Kunazuia tukio lisipande, kunazuia kile ambacho kivinjari kingefanya chenyewe, na kunavizuia pia vipokezi vingine vilivyosajiliwa kwenye umbo hilo hilo baada yake. Hapo ndipo uandishi mfupi wa fanksheni za mshale unapoweza kumtega mtu. Ukiandika e => mwongozo.visible = false kwa nia ya kuficha mstari wa mwongozo tu, fanksheni hiyo inarudisha thamani iliyowekwa, ambayo ni false, na tukio linakufa pale pale bila mtu kukusudia. Kuweka mabano ya msimbo kuizunguka sentensi hiyo kunaondoa tatizo. Fanksheni za mshale zina hasara nyingine hapa: mifano ya nyaraka hutumia this kumaanisha umbo lililopokea tukio, na ndani ya fanksheni ya mshale this haina maana hiyo. Ni salama zaidi kutumia event.currentTarget kwa umbo lenye kipokezi na event.target kwa umbo lililoguswa hasa. Tofauti ya hayo mawili ni muhimu kwa anayetaka kuweka kipokezi kimoja juu ya tabaka zima la pindo badala ya kuweka kimoja kimoja juu ya kila ua, na mimi ninashauri njia hiyo, kwani humpunguzia mtu kazi ya kusajili na kuondoa vipokezi kila ua linapozaliwa au kufutwa.

Upande wa kugusa kwa kidole ndio uliotupa kazi kubwa kuliko yote. Ili kujua umbo lipi limeguswa, maktaba hufanya jaribio lake la ndani linaloangalia rangi ya ndani na mstari wa ukingo wa kila umbo, na uvumilivu wa jaribio hilo, yaani umbali ambao mguso unaruhusiwa kukosea, ni sifuri. Maana yake ni kwamba mstari mwembamba wa ukingo wa mji unapaswa kuguswa barabara, na kidole cha mtu mzima juu ya simu hakina usahihi huo. Tena umbo lenye ukingo tu, lisilo na rangi ndani, haliguswi katikati. Litaguswa kwenye mstari wake peke yake. Kwa tatizo hili la pili kuna njia rahisi, nayo ni kulipa umbo rangi ya ndani iliyo hafifu kiasi kwamba jicho halioni lakini maktaba inaihesabu. Tatizo la kwanza halina njia ya mkato katika vipokezi vya maumbo.

Suluhisho tulilolifuata ni kuacha kuvitegemea vipokezi vya maumbo kwenye simu na kuipa zana kazi hiyo. Ndani ya onMouseDown ya zana unaita project.hitTest kwa nukta ya tukio, na hapo una uhuru wote: unachagua kama unataka kugusa ukingo, rangi ya ndani, vifundo vya mstari au vishikio vyake, na unaweka uvumilivu unaoutaka, ukiugawanya kwa view.zoom ili ukubwa wake mbele ya kidole ubaki ule ule hata mchoro ukiwa umevutwa karibu. Jibu linalorudi linasema umbo gani limeguswa na sehemu gani ya umbo hilo. Nyaraka za hitTest ni kamili, zina orodha ya machaguo yote na mfano mzuri. Kasoro ni kwamba ukurasa wa vipokezi vya maumbo haukwambii kwamba utakuja kuzihitaji.

Yapo pia mambo ambayo maktaba haiyafanyi kabisa, na ni afadhali mtu ayajue mapema. Haina tukio la gurudumu la kipanya, kwa hiyo kuvuta mchoro karibu kwa gurudumu kunataka usajili tukio la kivinjari chenyewe juu ya kanvasi na kuigeuza nukta yake kwa view.viewToProject. Haina habari ya vidole viwili, kwani inasoma kidole cha kwanza tu. Kuvuta karibu kwa kubana na kupanua vidole, ishara ambayo kila mwenye simu anaitarajia, ni kazi ya mwandishi wa programu mwenyewe, na kuichanganya na zana iliyo hai kunataka uangalifu ili kidole cha kwanza kisianze kuchora wakati cha pili bado hakijashuka. Kwa maktaba iliyozaliwa kwa ajili ya watu wa kompyuta na kipanya hili linaeleweka, lakini watumiaji wetu walio wengi wameanzia kwenye simu, na kompyuta wameikuta baadaye.

Kuhusu kufungia matukio, sifa ya locked hufanya kazi vizuri na imeelezwa kwa sentensi moja inayotosha: umbo au tabaka lililofungwa haliguswi na kipanya. Tulifunga mji wakati pindo likifanyiwa kazi, na pindo wakati wa mji, na malalamiko ya maua kusogezwa bila kukusudia yakaisha.

Matukio ya muda na ya ukubwa wa dirisha hayana la kusema sana. onFrame huleta hesabu ya fremu, muda uliopita tangu mwanzo na muda tangu fremu iliyopita; anayehuisha kitu atumie huo wa mwisho katika hesabu zake ili mwendo usitofautiane kati ya simu dhaifu na kompyuta yenye nguvu. onResize huleta ukubwa mpya na tofauti yake, na ndiyo tuliyoitumia kuirudisha kanga katikati mtumiaji anapoilaza simu. Kwa kibodi, zana hupewa jina la kitufe na hali ya vitufe saidizi kama shift, na nyaraka zinakumbusha kwamba kurudisha false kunauzuia ukurasa usiteleze mtu anapotumia mishale kusogeza umbo. Kukumbusha huko ni kwa msaada sana, kwani ni hitilafu ya kwanza ambayo mtumiaji huilalamikia.

Anayetafuta msaada nje ya nyaraka rasmi ajue kwamba majina yamebadilika. Majibu ya zamani yanatumia attach, detach na fire, ambayo leo ni on, off na emit. Anayeandika kwa TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa ukaguzi wa aina za data, atapata faili la aina ndani ya kifurushi, ila kwa vipokezi faili hilo linasema tu kwamba kinatakiwa fanksheni, bila kutaja fanksheni hiyo itapewa tukio la aina gani, kwa hiyo mhariri wa msimbo hawezi kukukumbusha kuwa MouseEvent, yaani tukio la umbo, haina downPoint (mahali kilipobonyezwa mara ya kwanza) ilhali ToolEvent inayo. Ukizingatia kwamba faili hilo hutengenezwa kutokana na maelezo yale yale ya msimbo wa chanzo, marekebisho yake yangekuwa pia marekebisho ya nyaraka, na msimbo upo wazi kwa yeyote anayetaka kuyapeleka.

Nikiilinganisha na nyingine, tofauti inakuwa wazi zaidi. SVG.js na Raphaël huchora kwa SVG, muundo wa michoro ambako kila umbo ni elementi ya ukurasa, kwa hiyo matukio ni yale ya kivinjari na mtu anayeijua DOM, yaani mpangilio wa elementi za ukurasa, hana jipya kubwa la kujifunza. Lakini hazina zana, wala vipimo vya umbali. Two.js huuachia ukurasa kazi yote ya kipanya na kidole: ukichora kwa SVG unaichukua elementi ya umbo na kuisajilia tukio mwenyewe, na ukichora kwa kanvasi unabaki na hesabu zako. Mshindani wa kweli ni Konva. Nyaraka zake za matukio zimepangwa kwa mada, kuna ukurasa wa kusajili, wa kuondoa, wa kuzuia tukio lisipande, wa simu. Ina tap na dbltap kwa ajili ya vidole, ina gurudumu, ina kuburuta kunakowashwa kwa neno moja, na ina hitStrokeWidth inayoupanua mstari kwa ajili ya mguso bila kuunenepesha machoni. Yale yote niliyoyalalamikia hapo juu kuhusu simu, Konva imeyajibu. Kile isichokuwa nacho ni ile jometri: kuunganisha maumbo mawili kuwa moja, kulitoa moja ndani ya jingine, kuupunguzia mstari wa mkono huru nukta zake bila kuuharibu, pamoja na zana inayoweka korosho kwa nafasi sawa kwa mburuto mmoja.

Kwa hiyo meza ya wasanifu pale ofisini imebaki na Paper.js, tukiwa tumewaandikia ukurasa wetu wa Kiswahili unaoeleza utaratibu wa matukio kama tulivyoupata kwa kuujaribu. Ukurasa wa mwenye duka ni mwingine. Yeye hahitaji kuchora. Anataka kuivuta kanga karibu kwa vidole viwili, kuigusa rangi, kulisoma jina mara ya mwisho na kuthibitisha oda, na huo tumeujenga kwa Konva.